Firigisi ya Stesheni Mpya

Mimi ni mtu wa wivu, na sioni sababu ya kuficha. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilianza nikiwa bado tumboni: kila alipompakata mtoto wa jirani, nilimpiga teke. Jina langu Florent, nimezaliwa Lubumbashi, mtaa wa Katuba, na Brussels nimekaa miaka ishirini na sita. Kati ya hiyo, kumi na tisa niliitumia katika kiwanda cha magari cha Forest nikifunga milango. Mlango wa mbele, upande wa kushoto. Ukikutana na gari la miaka ile ambalo mlango wake unajifunga bila kelele, niombee baraka.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2025. Nilirudi nyumbani na sanduku la plastiki lenye kikombe, viatu vya kazi na picha ya kikosi chetu. Mke wangu Rolande alilipandisha juu ya kabati, akaniambia, "Papa Jémima, Mungu eko." Jémima ni binti yetu wa pekee. Anasomea uuguzi kule Woluwe na analala hukohuko, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili na televisheni moja. Mimi nikashika televisheni.

Mwaka uliofuata ikafunguliwa stesheni mpya, na Rolande akapata kazi pale. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoamka.

Si stesheni ya mchezo. Treni zinapita juu, tram zinaingia usawa wa barabara, metro iko chini, na vyote vimekaa chini ya paa moja la vioo. Wiki ile ya kwanza watu walikwenda kuitazama kama wanaokwenda harusini. Waumini wenzetu walipiga picha kwenye ngazi za umeme wakiwa wamevaa vitenge vya Jumapili. Rolande alipewa kizibao cha rangi ya chungwa na akawekwa pale ngazi zinapokutana, kazi yake kuwaonyesha njia waliopotea.

Na waliopotea walikuwa wengi. Kila jioni alikuja na habari zao: leo nimemshika mkono bibi mmoja wa Kimoroko mpaka kwenye tram, leo profesa mzima amezunguka mara tatu akitafuta metro, akaniambia madame, wewe ndiye malaika. Mimi nikijibu "Ehe," macho kwenye televisheni. Nisiseme uongo, nilikuwa nikiionea wivu ile stesheni. Miaka kumi na tisa kiwandani hakuna aliyewahi kuniita malaika. Rolande aliniambia mara tatu, "Kuya basi uone kwenye natumika." Mara tatu nikajibu kwamba stesheni nimeziona. Nilikuwa nangoja anibembeleze mara ya nne, naye hakunibembeleza.

Sasa nifike kwenye firigisi.

Kwetu, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mke anaweza kukununia wiki nzima, asikuamkie, akakugeuzia mgongo kitandani, lakini siku ya kuku firigisi utaikuta juu ya nyama, mahali pake. Siku ukiikosa, ujue kuna mwenye nyumba mwingine. Hilo hata mtoto wa Katuba analijua. Miaka ishirini na miwili ya ndoa sijawahi kuikosa. Hata baada ya kiwanda kufungwa, nilipoanza kulia chakula changu kwenye sinia mbele ya televisheni, firigisi ilinifuata pale pale kwenye kochi.

Kisha Jumapili moja nikatafuta kwa kijiko. Shingo ipo, mabawa yapo, paja lipo. Firigisi hakuna. Nikajiambia labda mwenye bucha wa Molenbeek amesahau kuirudisha ndani ya kuku. Jumapili ya pili nilisimama jikoni nikijifanya natafuta kiberiti, nikaiona kwa macho yangu ikichemka katika sufuria. Mezani haikufika. Jumatatu asubuhi, Rolande akiwa bafuni, nilifungua mkoba wake. Ndani mlikuwa na kisanduku chenye kifuniko cha buluu, kimefungwa kwa kitambaa cha jikoni mizunguko miwili. Bukari kidogo, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, mapaja mawili ya kuku. Na juu kabisa, firigisi yangu.

Mtu mwenye akili angeuliza. Lakini mwenye wivu hataki jibu, anataka kufumania. Nilikifunga kisanduku vilevile kilivyokuwa, nikamwacha aondoke, nikanyoa ndevu. Sijui kwa nini nilinyoa. Nadhani nilitaka huyo mwanamume, yeyote awaye, aone kwamba Rolande hakukosa mume nyumbani.

Hivyo ndivyo nilivyoingia stesheni mpya kwa mara ya kwanza, kama mwizi. Nilijibanza nyuma ya mashine ya picha za pasipoti, nikatoa kichwa kidogo. Rolande alikuwa pale chini ya paa la vioo, kizibao kinamkaa vizuri kuliko nguo zote nilizomnunulia mimi. Mzee wa Kibelgiji alikuwa amemshika kiwiko. Vijana wawili wenye mabegi walikuwa wakimsubiri amalize, wametulia kama wanafunzi. Aliinua mkono, akaonyesha, watu wote wakageuka upande ule. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho mimi nilimsikiliza mwanamke huyu hadi mwisho wa sentensi. Swali hilo sikulipenda, nikalitupa.

Saa saba kasoro alichukua mkoba, akashuka. Nilimfuata, ila niliogopa ngazi za umeme, maana angenigeukia na kuniona nimesimama pale juu kama sanamu. Nikaingia mlango wa pembeni wenye ngazi za kawaida. Zilinipeleka kwenye ukumbi wa baiskeli, mamia ya baiskeli na hakuna binadamu. Nikapanda. Nikatokea kwenye jukwaa la treni za Namur. Nikashuka tena nikifuata mshale, mshale ukanirudisha kwa baiskeli. Nilikuwa nimepotea, na mtu pekee ambaye kazi yake ilikuwa kunionyesha njia ndiye niliyekuwa nikimnyemelea. Mwishowe nikafuata harufu ya sombe, si utani, nikafika ghorofa ya pili chini ya ardhi.

Palikuwa na lifti iliyofunguliwa ubavu, nyaya zote nje. Kando yake mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, ovaroli ya buluu, amekaa juu ya sanduku lake la vifaa. Na mbele yake mke wangu. Rolande alipiga magoti yote mawili. Akaweka kisanduku juu ya viganja, macho chini, akampa. Yule akapokea kwa mikono miwili, akafunua, akaanza na firigisi. Akasema neno, Rolande akacheka. Kicheko hicho nilikuwa nakijua, ni cha msichana niliyemwoa. Nilidhani kimezeeka pamoja na sisi, kumbe kilikuwa kikipelekwa mahali pengine pamoja na nyama yangu.

Roho iliniuma, na miguu ikatangulia. Maneno makali nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, kuhusu ndoa, kuhusu heshima, kuhusu mbele ya Mungu. Yote yalinikimbia. Neno nililopaza ni hili:

"We! Ile firigisi ni yangu!"

Nilimchoma kidole kifuani. Mara moja, mara mbili. Mara ya tatu niligonga kisanduku, sombe ikamwagika kwenye sakafu mpya, na kile kipande cha firigisi alichokuwa bado hajamaliza kikaruka, kikatua kwenye ngazi ya umeme. Kikapanda. Sisi watatu tulisimama tukikitazama kikienda juu taratibu, mpaka kikapotea.

Rolande hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Papa Jémima," alisema, "umuulize jina."

"Jina yake itanisaidia nini?"

Yule bwana alijipangusa kifua. "Naitwaka Banza, tonton," akasema, akiniita mjomba kwa heshima. "Banza Élisée."

Hapa lazima nieleze, na aibu yangu mnaihesabu wenyewe. Banza ni jina la baba yake Rolande. Papa Banza wa Kamina, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alibadilisha njia za reli, treni hii iende Lubumbashi, ile iende Ilebo. Alifariki Rolande akiwa hapa anangoja karatasi za ukimbizi. Hakumzika. Alimlilia katika chumba cha Molenbeek, simu imewekwa sauti kubwa juu ya meza ili asikie nyimbo za mazishi. Na kwetu, mtu mwenye jina la baba yako ni baba yako. Utampigia magoti, utamwita papa, utampa fungu la baba, hata kama umemzidi umri. Na akiwa baba wa mke wangu, basi kwangu mimi ni mkwe. Mwanamume wa kwetu hamtazami baba mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Hata kivuli chake anakizunguka.

Mimi nilikuwa nimemchoma kidole mara mbili.

"Vingt-deux ans," Rolande alisema, miaka yetu yote ishirini na miwili, na sauti yake ilikuwa chini sana. "Vingt-deux ans haukuone papa yangu ata siku moya. Leo unamuona ya kwanza, unamumwangia chakula. Bon. Mi naenda kwa yaya Myriam. Kama uko na kitu ya kusema, usinielezake mi. Elezea papa."

Yaya Myriam ni dada yake mkubwa, anakaa Molenbeek karibu na mfereji. Rolande aliokota kisanduku, akapangusa sakafu kwa kile kitambaa cha jikoni, akapanda juu kuendelea na kazi. Jioni hakurudi. Jumanne hakurudi. Simu haikushikwa.

Mngedhani wivu uliisha. Haukuisha, ulizidi. Mwizi wa mke unaweza kumpigia kelele, unaweza kumwitia wazee. Lakini utafanyaje na baba? Nililala kwenye kochi nikimwonea wivu marehemu ambaye sikuwahi kumwona, na fundi wa lifti ambaye kosa lake ni kupewa jina na wazazi wake. Nilifikiria pia ile kazi ya mzee wa Kamina, kuonyesha treni njia. Binti yake anaonyesha watu njia. Nilikuwa nimesikia habari za stesheni kila jioni kwa miezi mitatu, na hilo sikuwa nimeliona.

Jumatano nilimpigia tonton Mathieu, aliyekuwa msemaji wangu tulipopeleka mahari kwa wajomba wa Rolande. Alicheka hadi akakohoa. Nilipomwambia Rolande hayupo nyumbani, akaacha.

"Kwa mukwe habaendake mikono mitupu," alisema. "Ingekuwa kwetu ingekuwa mbuzi. Huku, utapeleka kuku. Na utapika we mwenyewe."

"Tonton, mi siyue kupika."

"Alors, utayua. Na firigisi ikuwe juu."

Kuku wa kwanza niliunguza. Wa pili alikuwa na chumvi nyingi, lakini alikuwa kuku. Ijumaa saa saba tuliingia stesheni. Tonton Mathieu alitangulia na sufuria imefungwa kwa kitenge, mimi nyuma yake nikiinamisha kichwa tangu mlangoni, nisije nikamwona mkwe kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mkiniuliza juu ya paa la vioo, sina la kusema. Lakini sakafu ya stesheni ile naijua. Najua michirizi ya njano wanayofuata vipofu, inapokatika na inapoanza tena. Najua ngazi ya mwisho ina ukingo mweupe. Na pale chini, kando ya lifti, najua doa dogo la kijani ambalo sabuni haikuweza kulitoa.

Niliona viatu vya Rolande kwanza. Kisha viatu vya kazi vya Banza, ambavyo viliruka kusimama.

"Tonton, jameni, haina lazima..." alianza kusema, amenyoosha mkono anisalimie.

"Ukae, papa," tonton Mathieu alimwambia. "Hapa we njo mukubwa."

Viatu vikatulia. Nilichuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi, huku abiria wakinipita na masanduku ya magurudumu. Tonton Mathieu alisema yote: huyu mtoto wako amekosa, wivu ulimpofusha, ameleta kuku wa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa faini. Nilikuwa tayari kwa matusi pia. Banza alingoja metro moja ije na kwenda.

"Tonton Mathieu," alisema hatimaye, "umuulizie mi mukwe. Mutoto yangu, ku nyumba, anakulaka na nani?"

Nilitazama kamba za viatu vyake.

"Ju siku ya kwanza ye analeta chakula, mi nilisema hapana, maman, nipo na tartine yangu ya mukate. Akaniambia: papa, si ju ya heshima tu. Nikule na we kidogo. Ku nyumba hamuna muntu."

Viatu vya Rolande vilisogea, vikakaa upande mmoja. Ningeweza kusema mimi ni mtu. Ningeweza kusema nipo nyumbani siku nzima, sitoki, sinywi, sina mwanamke mwingine. Lakini nilijua anakula wapi. Anakula jikoni, amesimama, sahani juu ya mashine ya kufulia, kwa sababu sebuleni kuna mimi na televisheni na hakuna nafasi ya mtu wa tatu.

"Anakulaka peke yake," niliiambia sakafu. "Makosa ni yangu."

Nikafungua sufuria. Nikaiweka firigisi kwenye kifuniko, nikaipeleka mbele kwa mikono miwili, bila kuinua macho. Banza akaipokea. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha pale, alilikuta kwao kama mimi nilivyolikuta kwetu. Aliinuka, akaligeuza sanduku lake la vifaa, akakaa akitazama ukuta. Mgongo kwetu.

"Bon," akasema. "Bakule."

Tonton Mathieu alikumbuka ghafla kwamba ana haja ya kuona treni za juu. Rolande alikaa kwenye ngazi ya mwisho ya zile za kawaida, mimi kando yake, sufuria katikati. Tulikula kwa mikono kutoka chombo kimoja, jambo ambalo hatukulifanya tangu kiwanda kifungwe.

"Chumvi," alisema.

"Nayua."

Alichukua bawa jingine hata hivyo. Mimi nilitafuna shingo, na nisiwafiche: kutoka pale nilipokaa niliona taya za Banza zikitembea kwa nyuma, zinaitafuna firigisi yangu polepole, kwa raha, na wivu ukanipanda hadi kooni. Niliumeza pamoja na shingo. Kisha nikauliza swali ambalo nilikuwa na miezi yote ile ya kuliuliza.

"Leo benye kupotea balikuwa bangapi?"

Rolande alinitazama kwanza, kama anatafuta mtego uko wapi. "Dix-sept," akasema, kumi na saba. "Unataka nikuelezee?"

"Elezea."

Akaanza na wa kwanza, mwanamke mwenye mapacha na gari la watoto lisiloingia kwenye lifti. Wa pili, wa tatu. Sikusema ehe. Alipofika kwa bwana mmoja aliyepotelea kwenye baiskeli mara mbili nikamwambia hata mimi, Jumatatu, nilipotelea palepale, na akacheka kile kicheko. Akasema jioni nimfuate kazini, nipande kwa ngazi za umeme, nisipite tena kwa baiskeli. Nikasema sawa.

Redio ya kazi ililia kiunoni mwa Banza. Alikohoa, akaipunguza sauti. Ililia tena. Mapumziko yake yalikuwa yamekwisha, lifti ilikuwa wazi, na juu palikuwa na watu waliomhitaji. Rolande alikuwa amefika kwa mtu wa kumi na mbili. Mimi nilikuwa bado na mfupa mkononi, na mkwe wangu, niliyemzidi umri kwa miaka kumi na minne, aliendelea kuutazama ukuta kwa dakika nane nzima, kwa sababu hakutaka kugeuka kabla sijamaliza kula na binti yake.